Kamera Iliyoitwa Mama

Hilari alikuwa fundi, hilo tusimnyime. Ofisini kwao Mbinga mjini, mashine ya kuchapa ikigoma aliitwa yeye, mtandao ukilala aliitwa yeye, na simu ya mtu ikifungwa kwa namba ya siri iliyosahaulika ililetwa mezani kwake. Kwa cheo alikuwa afisa TEHAMA, lakini wenzake walimwita Mganga, na jina hilo lilimpendeza kuliko cheo. Shida ni kwamba mtu akishazoea kuitwa mganga, huanza kutibu hata visivyoumwa.

Mama yake, Lukresia, aliishi peke yake kwenye kitongoji kimoja cha ufukweni mwa ziwa huko Chiwanda. Mumewe, mzee Wendelin, alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Mama alilima muhogo wake, alianika usipa wake, wale dagaa wa ziwani, Jumapili alikwenda kigangoni, na habari ya kuhamia mjini hakutaka hata kuisikia. "Mbinga baridi," alisema, "na baba yenu nitamwacha na nani?" Baba yao alizikwa chini ya kiwanja, upande wa ziwa, hatua kama themanini toka barazani. Kila asubuhi mama alishuka kufagia pale kabla hajawasha moto.

Tuseme ukweli hapa mapema, tusije tukamwonea huruma kabla ya wakati. Barabara ilipokuwa ya vumbi na mawe, na zile kona za milimani, Hilari alikwenda kumwona mama yake kila mwezi. Lami ilipofika Mbamba Bay, karibu na kwao, na safari ikawa nyepesi, ndipo alipoanza kukosa nafasi. Akaona aibu. Na kwa kuwa alikuwa fundi, aibu yake akaitafutia kifaa.

Ilikuwa mwezi wa nane aliposhuka na kamera. Si kamera ya kushika mkononi, ni zile zinazofungwa ukutani na kutuma picha zenyewe kwa mtandao. Alileta pia sola ndogo na kifaa cha mtandao chenye laini ya simu. Akaifunga kamera kwenye ukuta wa jiko. Jiko lile lilikuwa limejengwa peke yake, kati ya nyumba na ziwa. Kwanza alijaribu kuifunga barazani itazame ziwani, lakini mwanga wa maji uliiumiza, mama akatokea mweusi tii, hana hata pua. Kwa hiyo akaihamishia jikoni, mgongo wake ziwani, macho yake barazani. Sasa mama alionekana vizuri, hadi maua ya khanga yake.

"Mama," Hilari alisema akishuka ngazi, bisibisi mkononi, "ukikaa kwenye kiti chako pale, mimi niko Mbinga nakuona. Ni sawasawa na kukaa uso kwa uso."

Mama alikitazama kile kidude cheupe kwa muda. "Uso kwa uso?"

"Uso kwa uso, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku. Labda umeme ukatike kule Mbinga."

Mama akaitikia kwa kichwa, polepole. Kwa ukoo wao maneno hayo si ya kuchezea. Kuna mambo hayasemwi kwenye simu wala hayatumwi kwa mtu, na habari ya kaburi ndiyo ya kwanza. Kaburi la mzazi likitaka kuguswa, mjane humkalisha mtoto wa kwanza wa kiume, akamweleza kwa kinywa chake, uso kwa uso, na mtoto huyo ndiye anayepiga jembe la kwanza. Kabla yake hakuna anayethubutu kugusa udongo ule. Hilari aliyajua hayo tangu utotoni. Siku ile hayakumjia kabisa, alikuwa anafikiria waya.

Aliporudi Mbinga alifanya lile jambo ambalo kwa miezi kadhaa lilikuwa fahari yake. Kila Jumapili jioni yeye na dada yake Ottilia, aliyeolewa Dodoma, walizungumza kwa video kwenye kompyuta. Programu ya kuzungumzia ilikubali tu kamera iliyochomekwa kwenye kompyuta yenyewe, na kamera ya mama ilikuwa Chiwanda, ng'ambo ya milima. Hilari akatafuta, akapata programu nyingine, ndogo, yenye ujanja wake. Hiyo ilikwenda kuzichota picha za kule mbali kwa mtandao, ikazileta, ikaidanganya kompyuta iamini kwamba kamera ile imechomekwa ubavuni mwake. Programu ikamwuliza kamera hii iitwe nani. Akaandika: Mama.

Tangu siku hiyo, kompyuta yake ilipoulizwa ina kamera gani, ilitaja mbili, ya kwake iliyozaliwa nayo, na Mama. Ukichagua Mama, pale ambapo ungetokea uso wa Hilari inatokea baraza ya Chiwanda, na mama amekaa anapepeta. Ottilia alipoona mara ya kwanza alilia. "Kaka," alisema, "wewe ni mtu wa ajabu." Hilari akajifanya hakusikia, akaomba arudie.

Sasa kuna jambo dogo. Programu ile ilileta picha peke yake. Sauti haikuwa kazi yake. Sauti ya kamera ilitaka ipitishwe njia nyingine, kwa programu nyingine, na mipangilio inayotaka mtu akae chini atulie. Hilari alilijua hilo vizuri, si kwamba hakujua. Siku moja ofisini aliifungua sauti moja kwa moja toka kwenye kamera, kuijaribu tu. Ikatoka kwa nguvu, mawimbi, upepo, na jogoo mmoja aliyewika kama yuko juu ya meza. Bi Stella, mkuu wa ofisi, mtu wa Singida asiyependa mzaha saa za kazi, akainua kichwa.

"Hilari, hizo kelele ni za nini?"

"Samahani mkuu, ni majaribio tu."

Akaizima. Akajiambia sauti ataiunganisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikapita, ikapita na nyingine, mwezi ukaisha, na kwa kweli picha ilimtosha. Aliiweka kwenye kona ya kioo cha kompyuta, barua za ofisi huku, mama kule. Wenzake walikuja kuchungulia. "Mganga, mama anapika nini leo?" Ijumaa alimpigia simu, dakika tatu au nne, akamwambia, "Juzi nimekuona na khanga mpya," na mama alicheka sana. Krismasi hakushuka. Kwa nini ashuke, wakati wanaonana kila siku?

Masika ya mwaka uliofuata mvua ilinyesha bila adabu. Redio ilisema ziwa limepanda, kwamba mahali fulani maji yameingia kwenye nyumba za watu. Hilari alishtuka, akaitazama kona yake ya kioo. Baraza ilikuwa kavu, kuku wanachakura, khanga zimeanikwa kambani. Akamwandikia Ottilia: Kwetu salama, nimeangalia mwenyewe. Hakukumbuka kwamba kamera imeligeuzia ziwa mgongo. Aliyeifunga ni yeye, kwa mikono yake, na hakukumbuka.

Siku chache baadaye mama alianza jambo jipya. Kila asubuhi, kabla Hilari hajamaliza chai yake ya kwanza ofisini, mama alitoka amevaa khanga za kanisani, akavuta kiti mpaka katikati ya baraza, akakaa amenyooka, mikono mapajani, akaitazama kamera. Midomo ikaanza kucheza. Ilicheza kwa muda mrefu, bila haraka. Kisha akainua mkono wa kulia akaunyoosha mbele, moja kwa moja kwenye kioo, kama anayemnyooshea Hilari kidole kifuani. Halafu akaushusha, akanyamaza, akakaa akingoja kitu. Baadaye aliinuka akarudisha kiti ukutani.

Jumapili Ottilia aliuliza. Mama siku hiyo alikuwa amechelewa kutoka, akafanya yale yale jioni, wakamwona wote wawili.

"Kaka, mama anaongea na nani?"

"Anasali rozari."

"Mbona sioni rozari mkononi?"

"Anahesabu kwa vidole. Mama yetu unamjua."

"Na huo mkono?"

"Kuku hao, wako huku nyuma ya kamera. Anawafukuza."

Wakacheka. Ottilia akasema mama amekonda kidogo, Hilari akasema ni picha tu inavyovuta, wakageukia habari za ada za shule. Mama alibaki pale kwenye kioo, mkono umenyooka, wao wanaongea juu ya kichwa chake.

Ijumaa Hilari alipopiga simu, mama aliwahi kuuliza kabla ya salamu kuisha.

"Umeniona?"

"Nimekuona mama. Kila siku nakuona."

"Basi sawa. Nakusubiri."

"Nitakuja mama, kazi zikipungua kidogo."

"Haya mwanangu," mama akasema, akamtakia kazi njema. Hilari alisikia kitu kwenye sauti ile. Alikisikia, na hili ndilo lililokuja kumuuma kuliko mengine. Akajiambia wazee wote husema hivyo, wote hutaka watoto waje. Akarudi kwenye barua zake.

Siku kumi na moja mama alikaa hivyo. Siku ya kumi na mbili alitoka na khanga za kawaida, akakigeuza kiti, akakaa ameipa kamera mgongo. Hilari aliona kilemba na mabega tu. Akafikiri, upepo wa asubuhi unamuumiza macho.

Jumatatu iliyofuata, kama saa nne, akiwa anamrekebishia mtu kompyuta, jicho lake lilikimbilia kwenye kona. Baraza ilikuwa imejaa watu. Wanawake walikuwa wamekaa chini, khanga vichwani. Wanaume walisimama kando, mikono nyuma. Kisha akatokea Tadei, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye nyumba yake ni jirani na ya mama. Suruali ilikuwa imelowa hadi kiunoni, na amebeba kitu kikubwa begani. Alikishusha akakiegemeza ukutani, karibu na kiti cha mama. Ulikuwa msalaba wa mbao, unachuruzika maji. Hilari aliuvuta uso wake karibu na kioo. Herufi zile alizichora yeye mwenyewe kwa rangi nyeupe, miaka sita nyuma: WENDELIN.

Hakuaga. Bi Stella alimwona anatoka na kompyuta kwapani, mlango unabamiza nyuma yake.

Alifika mchana, kwa hiyo lami ilifanya kazi yake. Aliliacha gari juu, akashuka kwa miguu, na alipopita nyumba aliona kitu ambacho kamera yake haikuwahi kumwonyesha. Ziwa lilikuwa jikoni. Mawimbi yalikuwa yanapiga ukuta ule ule ilipofungwa kamera, upande wa nyuma. Chini ya kiwanja, pale baba alipokuwa, hapakuwa na chini ya kiwanja. Palikuwa na maji ya rangi ya chai yenye maziwa, yanakuja na kurudi, na vichwa vya mihogo vimechomoza kidogo.

Tadei alikuja akasimama pembeni yake. Hakumpa mkono.

"Umefika, kaka."

"Tadei, kwa nini hamkuniambia?"

Tadei alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nani akuambie? Mama mkubwa alikuambia mwenyewe, kila asubuhi, sisi tunamwona. Alivaa vizuri akakaa akakuambia. Mtendaji alishakubali kutusaidia kibali cha kufukua, alisema tu mtoto wa marehemu aje. Majembe tulishayanoa. Tulikuwa watu sita, tunakaa hapo kwenye gogo, tunakungoja wewe upige la kwanza." Alitema mate pembeni. "Siku ya kumi maji yaligusa msalaba. Nikasema nipige mimi jembe, lawama nibebe mimi. Mama mkubwa akakataa. Akasema, Hilari ameshasikia, atakuja."

Hilari akakaa kwenye lile gogo. Alijichukia, na si kidogo.

Mama alikuwa barazani na wale wanawake. Walipomwona Hilari walinyanyuka mmoja mmoja, wakaenda kusimama upande wa jikoni, wakawaachia nafasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa, hasira ilikuwa imeshapita na kuacha uchovu. Alikwenda mwenyewe kumletea ugali wa muhogo na samaki wa mbelele, akamnawisha mikono. Hilari alimega tonge la kwanza. Akalirudisha kwenye sahani, akaanza kueleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, maneno ya ufundi yakagongana. Kwamba kompyuta ilikuwa imedanganywa. Kwamba ile programu inaleta picha tu. Kwamba picha ina njia yake na sauti ina njia yake, na njia ya sauti hakuifungua.

"Sikusikia hata neno moja, mama. Naapa."

Mama alifikiri. "Na sauti yangu ilikuwa inakwenda wapi?"

"Ilibaki hapo hapo. Ndani ya kamera kuna kadi, inatunza."

"Kwa hiyo ipo?"

"Ipo, mama."

"Itoe tuisikie."

Hilari alipanda ngazi, mawimbi yakimrushia maji usoni toka nyuma ya ukuta, akaichomoa kadi, akaitia kwenye kompyuta. Akatafuta siku ya kwanza. Mama alitokea kwenye kioo amevaa khanga za kanisani, na safari hii sauti yake ilikuja naye, kwa Kinyasa, ya utulivu, mawimbi yakisikika nyuma.

"Hilari mwanangu, mimi mama yako nimekaa. Nakuambia kwa kinywa changu, uso kwa uso kama ulivyosema. Maji yamefika kwenye mihogo ya chini, angalia pale. Yamebakiza hatua ishirini kwa baba yako. Njoo umtoe tumpandishe juu. Tadei na wenzake wapo. Wanangoja jembe lako tu." Mkono ukanyooka. Kisha kimya, mama anaitazama kamera. Hilari sasa alielewa alichokuwa anakingoja asubuhi zote zile. Alikuwa anangoja kujibiwa.

"Umesikia mama," Hilari alisema, na alikuwa analia waziwazi, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu. "Umeona mwenyewe. Sikuwa na sauti. Ningekuwa na sauti ningekuja siku hiyo hiyo."

Mama alikivuta kile kioo karibu, akajitazama alivyonyoosha mkono. Akajitazama kwa muda.

"Nimeelewa," alisema. "Hukusikia. Na hivi ndivyo ulivyokuwa unaniona?"

"Ndivyo, mama."

"Siku zote kumi na moja?"

"Ndiyo, mama."

Akakirudisha kioo kwake, taratibu, asije akakivunja.

"Mimi ningekuona wewe hivi, mdomo unacheza, mkono umenyooka, hata siku moja tu, ningekupigia nikuulize: mwanangu, unasema nini?"

Akachukua sahani aende kupasha moto chakula, maana kilikuwa kimepoa.

Walimwombea mzee Wendelin pale pale ukingoni, katekista akasoma, msalaba wakausimika juu ya kiwanja karibu na barabara, mahali pasipo na mtu chini yake. Hilari alipewa jembe la kwanza la kuchimbia shimo la mti ule wa msalaba. Alilipiga. Hakuna aliyemsema, ingawa yeye alitamani wamseme. Kamera aliihamishia juu, chini ya paa la nyumba ya Tadei, itazame baraza na ziwa pamoja. Mama hakumkataza wala hakumwomba.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, ofisini, aliomba msamaha kwa Bi Stella, akakaa mezani, na kabla hajafungua barua hata moja akaiunganisha sauti. Ilimchukua robo saa. Kazi yote ilikuwa ya robo saa, pamoja na kuzima na kuwasha. Mawimbi yakaingia ofisini, yako karibu kuliko siku ile ya majaribio. Jogoo akawika. Mlango wa mama ukalia bawaba, mama akatoka na khanga zake za kawaida, akakaa kwenye kiti kilichogeuzwa, mgongo kwa kamera, akaanza kumenya mihogo. Hilari aliongeza sauti hadi mwisho. Kisu kilisikika, maganda yakianguka kwenye beseni yalisikika. Mama alimenya hadi beseni likajaa, hakusema neno.

"Hilari," Bi Stella akauliza toka mezani kwake, "hizo kelele ni za nini?"

"Ni nyumbani, mkuu," alijibu, na hakupunguza.